Mchezo Usio na Bahati: Hesabu ya Mafungu na Swali la Dau



Somo letu la toleo hili linahusu jambo linaloonekana dogo: mchezo wa kuondoa njiti za kiberiti mezani. Wengi tumeuona ukichezwa mabwenini. Mara nyingine ni wa kupitisha muda tu. Mara nyingine anayeshindwa hulipa chai, vocha ya simu, au noti iliyowekwa chini ya kikombe. Na akitokea mtu wa kukataza, jibu huja upesi: "Hii si kamari. Kamari ina dadu na karata. Hapa ni akili tupu."

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana inawanasa watu wenye akili. Kuijibu kwa kukemea hakutoshi. Inatupasa kwanza tujue mchezo wenyewe unavyokwenda, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kukielewa. Basi tuanze na hesabu, kisha turudi kwenye dau.

Michezo ya aina gani?

Wanahisabati wanaiita michezo isiyopendelea upande. Masharti yake ni manne. Wachezaji ni wawili na wanapokezana zamu. Hakuna kubahatisha wala kuficha: kila kitu kiko wazi mezani. Hatua yoyote anayoruhusiwa mmoja, mwenzake naye angeruhusiwa kama zamu ingekuwa yake. Na la mwisho, mchezo lazima ufike mwisho, na hakuna sare.

Sharti la tatu ndilo linaloitenga michezo hii na mingine ya akili. Katika sataranji mmoja ana kete nyeupe na mwenziwe nyeusi. Katika bao la Pwani, omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda kuna mashimo 32 na kete 64, lakini kila mchezaji hupanda katika safu zake mbili tu. Katika mchezo wa njiti hakuna changu wala chako. Njiti ni za wote, na tofauti yetu ni zamu peke yake.

Kutokana na masharti hayo, kila hali ya mezani ni mojawapo ya mbili. Ama ni hali ya ushindi kwa mwenye zamu, yaani ipo angalau hatua moja inayomwachia mwenzake hali mbaya. Au ni hali ya kushindwa, yaani hatua zake zote zinampa mwenzake hali nzuri. Hakuna hali ya tatu. Ukishaijua orodha ya hali mbaya, umeujua mchezo wote.

Fungu moja

Tuweke njiti 21. Kila mwenye zamu anachukua 1, 2 au 3. Anayechukua ya mwisho ameshinda. Nani atashinda, anayeanza au anayefuata?

Tuhesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo. Zikibaki 1, 2 au 3, mwenye zamu anazizoa zote. Zikibaki 4, hana njia: akichukua 1 zinabaki 3, akichukua 2 zinabaki 2, akichukua 3 inabaki 1, na kila mara mwenzake anamaliza. Kwa hiyo 4 ni hali mbaya. Kwa hesabu hiyohiyo 8 ni mbaya, na 12, 16 na 20. Yeyote anayekuachia namba inayogawanyika kwa 4 amekwisha kukushinda mradi asikosee. Ukichukua 1 yeye anachukua 3, ukichukua 2 naye 2, ukichukua 3 yeye 1. Kila mzunguko zinaondoka 4, na ya mwisho ni yake. Basi penye njiti 21 anayeanza anachukua 1, anaacha 20, na mchezo umekwisha ingawa mikono bado inatembea.

Sasa tubadilishe neno moja tu la sheria: anayechukua njiti ya mwisho ameshindwa. Hali mbaya zinahama. Sasa ni 1, 5, 9, 13, 17 na 21. Meza ni ileile na njiti ni zilezile, lakini anayeanza, ambaye kwa sheria ya kwanza alikuwa mshindi, sasa ameshindwa kabla hajanyoosha mkono. Shika jambo hili, tutalirudia.

Mafungu mengi

Mchezo mashuhuri zaidi wa aina hii unaitwa Nim. Kuna mafungu kadhaa. Mwenye zamu anachagua fungu moja na kuondoa humo idadi yoyote, hata fungu zima. Hagusi mafungu mawili kwa zamu moja. Anayeondoa ya mwisho ameshinda. Mwaka 1901 Charles Bouton wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alichapisha kanuni yake kamili pamoja na uthibitisho. Kanuni yenyewe inaeleweka bila hesabu ngumu ukiwafikiria wenye maduka na mawe yao ya mizani.

Chukulia una mawe ya 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kila moja ni mara mbili ya lililotangulia. Kila namba inaweza kupimwa kwa mawe haya kwa njia moja tu, bila kurudia jiwe. Namba 3 ni 2 na 1. Namba 5 ni 4 na 1. Namba 6 ni 4 na 2. Hiki ndicho kizio cha mbili ambacho kompyuta hukitumia.

Sasa weka mafungu ya njiti 3, 4 na 5, na uyapime:

Fungu la 3: jiwe la 2, jiwe la 1.
Fungu la 4: jiwe la 4.
Fungu la 5: jiwe la 4, jiwe la 1.

Hesabu kila jiwe limetokea mara ngapi. Jiwe la 4 mara mbili, jiwe la 1 mara mbili, jiwe la 2 mara moja. Kanuni ya Bouton ni hii: ikiwa kila jiwe limetokea mara shufwa, mizani imekaa sawa na mwenye zamu yuko katika hali mbaya. Ikiwa lipo hata jiwe moja lililotokea mara witiri, mizani imeinama na mwenye zamu anaweza kushinda, kwa kuirudisha sawa.

Hapa jiwe la 2 ni witiri. Fungu lenye jiwe hilo ni la 3 peke yake. Liondoe, yaani punguza fungu la 3 libaki 1. Sasa mafungu ni 1, 4 na 5, na kila jiwe ni shufwa. Tazama uzito wa jambo hili. Mwenye zamu alikuwa na hatua 12 za kuchagua: 3 katika fungu la kwanza, 4 katika la pili, 5 katika la tatu. Kati ya hizo 12, moja tu inashinda. Asiyejua kanuni anaitafuta gizani, na anayeijua anaiona kwa sekunde chache.

Kwa nini kanuni haikosei

Mwanafunzi wa elimu ya dini amezoea kuuliza dalili, basi tusiichukue kanuni hii kwa kuigiza.

Kwanza, ukiwa katika mizani iliyo sawa, hatua yoyote unayofanya inaiinamisha. Sababu ni kwamba unagusa fungu moja tu. Mawe ya fungu hilo lazima yabadilike kwa kuwa idadi yake imebadilika, na mafungu mengine yamebaki yalivyo. Angalau jiwe moja litatoka shufwa kwenda witiri.

Pili, ukiwa katika mizani iliyoinama, ipo njia ya kuisawazisha. Tafuta jiwe kubwa kuliko yote lililo witiri. Lipo fungu lenye jiwe hilo, kwa sababu kitu kilichotokea mara witiri kimetokea angalau mara moja. Liondoe jiwe hilo katika fungu hilo, kisha kwa kila jiwe dogo lililo witiri, ama liondoe kama limo humo, ama liongeze kama halimo. Je, hatukuongeza njiti? Hapana. Jiwe la 4 ni zito kuliko 2 na 1 kwa pamoja, la 8 ni zito kuliko 4, 2 na 1 kwa pamoja, na hivyo hivyo. Uliyoondoa ni mengi kuliko uliyoongeza, fungu limepungua, na hatua ni halali.

Tatu, meza tupu ni mizani iliyo sawa. Mwenye kuisawazisha kila zamu ndiye atakayeifikia meza tupu kwanza. Uthibitisho umetimia.

Sheria ikibadilika

Tumeona fungu moja likigeuka kwa neno moja. Nim nayo ina sura ya kinyume, ambapo anayechukua ya mwisho ameshindwa. Bouton aliieleza papo hapo. Cheza kama kawaida mpaka libaki fungu moja tu lenye zaidi ya njiti 1. Hapo, badala ya kuacha idadi shufwa ya mafungu ya njiti mojamoja, acha idadi witiri. Kwa mfano, mafungu yakiwa 1, 1 na 4, katika mchezo wa kawaida unaondoa zote 4. Katika mchezo wa kinyume unaondoa 3 tu, unamwachia mwenzako 1, 1 na 1. Filamu ya Kifaransa ya mwaka 1961 iitwayo L'Année dernière à Marienbad iliutangaza mpangilio wa 1, 3, 5 na 7 katika mchezo huu wa kinyume. Ukiyapima mafungu hayo utakuta mizani iko sawa, kwa hiyo anayeanza yuko pabaya kwa sheria zote mbili.

Mwaka 1907 Mholanzi Willem Wythoff aliongeza ruhusa moja katika mchezo wa mafungu mawili: unaweza kuondoa katika fungu moja, au katika yote mawili kwa idadi iliyo sawa. Ruhusa hiyo moja inaivunja mizani yote. Katika Nim mafungu mawili yaliyo sawa ni hali mbaya. Kwa Wythoff ni ushindi wa papo hapo, kwani unayazoa yote. Hali mbaya sasa ni jozi kama 1 na 2, 3 na 5, 4 na 7, 6 na 10, 8 na 13, nazo zinafuata uwiano wa dhahabu, ambao ni takriban 1.618. Aliyekariri kanuni ya Nim na kuja nayo hapa ataaibika.

Katika miaka ya 1930 lilipatikana jambo la kushangaza zaidi. Roland Sprague mwaka 1935 Ujerumani, na Patrick Grundy mwaka 1939 Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kwamba kila mchezo usiopendelea upande, ukichezwa kwa sheria kwamba anayekosa hatua ameshindwa, una thamani sawa na fungu moja la Nim. Thamani hiyo hupatikana hivi: tazama thamani za hali zote unazoweza kufikia kwa hatua moja, kisha chukua namba ndogo kuliko zote isiyokuwamo, ukianzia 0. Katika mchezo wetu wa kuchukua 1 hadi 3, thamani zinakwenda 0, 1, 2, 3, kisha tena 0, 1, 2, 3. Kwa hiyo njiti zetu 21 zina thamani ya 1 tu. Ukiuweka mchezo huo mezani pamoja na mafungu mawili ya Nim, la 4 na la 6, unapima 1, 4 na 6. Njia mojawapo ya ushindi ni kupunguza 6 liwe 5, na umerudi kwenye 1, 4 na 5 unayoijua.

Lakini ufunguo huu haufungui milango ya michezo ya kinyume. Nim ya kinyume ni rahisi, ila michezo mingine ikigeuzwa huwa migumu mno, na mwaka 2005 Thane Plambeck wa Marekani alileta njia mpya ya kuishughulikia. Neno moja la sheria lilitosha kuwashughulisha wanahisabati kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa fiqhi hashangai. Anajua kwamba sharti moja likiongezwa katika mkataba wa mauzo hukumu yote inaweza kugeuka.

Turudi kwenye dau

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea kwetu Afrika Mashariki, waliitenganisha michezo kwa kipimo kinachofanana sana na cha wanahisabati. Mchezo unaotegemea hesabu na fikra hawakuuharamisha wenyewe kwa wenyewe, na katika mifano yao walitaja sataranji na mankala, mchezo wa kuhamisha kokoto ambao ni ndugu wa bao. Mchezo unaotegemea kubahatisha, kama wa dadu, waliuharamisha. Wapo maimamu wa madhehebu mengine walioikataza hata sataranji, na wa Shafi wenyewe waliokubali walisema ni makuruhu na wakaweka masharti: usimpitishie mtu swala, usije na maneno machafu, na usiwe na dau.

Ndipo ilipo nusu ya ukweli ya wenzetu. Kweli mchezo huu ni wa akili. Lakini waliouachia mchezo wa akili hawakuliachia dau. Aya za 90 na 91 za Suratul-Maida zinapokataza kamari zinataja sababu yake: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na swala. Hakuna dadu katika sababu hizo.

Hesabu tuliyojifunza inatuwezesha kwenda hatua moja zaidi. Wawili wanapowekeana dau mezani, hali zao haziwi ila tatu.

Hali ya kwanza, wote wawili hawaijui kanuni. Basi kati ya hatua 12 wanachagua moja kwa kuhisi. Mchezo wenyewe hauna bahati, lakini wao wanaucheza kwa bahati. Kwao hao, njiti na dadu vinakaribiana sana.

Hali ya pili, wote wawili wanaijua. Basi mshindi amejulikana tangu mafungu yalipopangwa. Kilichobaki kuamua ni nani anaanza. Na hilo huamuliwa vipi? Kwa kurusha sarafu au kuficha njiti mkononi. Dau limewekwa juu ya sarafu, na akili iliyosifiwa haina kazi tena.

Hali ya tatu, mmoja anajua na mwenzake hajui. Hii ndiyo inayotokea sana na ndiyo mbaya zaidi. Anayejua hahatarishi karibu chochote, hasa akipewa nafasi ya kupanga mafungu au kuchagua nani aanze. Hupoteza mara ya kwanza kwa makusudi ili dau lipande. Mwenzake anadhani anashindana, kumbe analipa. Huo si ushindani, ni ghushi.

Atasema: "Sikuficha kitu, njiti zote zilikuwa mezani." Tukumbuke kisa kilichomo katika Sahih Muslim, cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye fungu la chakula, akaingiza mkono wake na kukuta umajimaji chini. Fungu lile nalo lilikuwa wazi mbele ya wanunuzi. Kilichofichwa ni kile ambacho muuzaji alikijua na mnunuzi hakukijua, na Mtume akamkana mwenye kughushi. Njiti ziko wazi. Kanuni ndiyo iliyofunikwa.

Kwa hiyo hoja ya "akili tupu" haiokoi dau katika hali yoyote kati ya hizo tatu. Ama suala la zawadi zisizo dau, kwa mfano zawadi anayoitoa mtu wa nje kwa mshindi wa mashindano ya elimu, hilo lina mjadala mwingine. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi inaweka zawadi za mashindano katika mishale, ngamia na farasi, na wapo wanazuoni, akiwemo Ibn al-Qayyim, waliopanua hadi mashindano ya elimu. Mambo hayo tuwapelekee masheikh wetu. Lengo la somo ni hoja, fatwa ina wenyewe.

Na ukiwa umeijua kanuni, una kazi mbili. Mfundishe mwenzako kabla hamjaanza kucheza, maana elimu iliyokwisha kugawanywa haiwezi kutumika kumpora mtu. Kisha tazama saa, adhana isikukute ukipima mawe.

Maswali ya kujipima

1. Njiti 30, unachukua 1 hadi 4, wa mwisho anashinda. Je, ungependa kuanza? Na je, wa mwisho akiwa ndiye anayeshindwa?

2. Mafungu ya Nim ni 2, 5 na 6. Tafuta hatua ya ushindi.

3. Mafungu ni 1, 1, 1 na 6. Ni hatua gani katika mchezo wa kawaida, na ni ipi katika wa kinyume?

Majibu: (1) Katika wa kawaida usianze, kwa sababu 30 inagawanyika kwa 5. Katika wa kinyume anza, chukua 4 na uache 26. (2) Jiwe la 1 ni witiri na limo katika 5 peke yake, kwa hiyo punguza 5 liwe 4. (3) Katika wa kawaida punguza 6 liwe 1, yabaki mafungu manne. Katika wa kinyume ondoa zote 6, yabaki matatu.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na atukinge na chumo la batili. Wabillahi tawfiq.